Laurette Anayebeba Miji na Visiwa Mgongoni

Saa moja asubuhi, siku ya Jumamosi. Ufukoni Kalemie, karibu na mahali zinapotia nanga boti zitokazo Moba, mwanamke mwenye kilemba cha kijani anachimbia makasia mawili mchangani. Anafungua mkoba mkubwa wa mgongoni, anatoa kitambaa kilichochorwa, kilichokunjwa kwa uangalifu, anakitundika kati ya makasia, kisha anarudi nyuma kukitazama.

Mnara mrefu wa chuma umesimama sasa ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Upepo ukivuma, mnara unatikisika kidogo, kisha unatulia.

"Mama Générose, leo unasafiri kwenda wapi?" anauliza.

Anayeulizwa ni mfanyabiashara wa ndagala, wale samaki wadogo wanaoanikwa mchangani. Amefika jana kwa boti kutoka Baraka, upande wa kaskazini wa ziwa, na magamba bado yanang'aa mikononi mwake.

"Paris imenichosha. Juma lililopita nilikuwa kule. Leo unipeleke kwenye kisiwa."

"Kisiwa kiko chini kabisa ya mufuko. Utangoja."

"Nitangoja. Hata wenye kupanda ndege wanangojaka."

Wanawake wanaochambua samaki wanacheka. Mnara unashuka, kisiwa kinapanda. Mpiga picha anamvisha Mama Générose mkoba mgongoni, anamgeuza bega kidogo, anarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine.

"Usinikate miguu, mupiga picha!"

"Miguu njo ya kwanza, Mama. Kama miguu haionekani, sikupigi," anajibu, na "njo" kwa watu wa hapa ni "ndiyo".

Picha inapotoka kwenye mashine ndogo inayotumia betri, inamwonyesha Mama Générose akiwa kisiwani, chini ya minazi, amebeba mkoba kama msafiri wa mataifa. Lakini inaonyesha pia makasia mawili, pindo la kitambaa linaloning'inia juu ya mchanga, miguu yake iliyo peku, na beseni la ndagala kando yake. Dunia iko nyuma. Miguu iko Kalemie.

Mpiga picha huyo ni Laurette, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, mama wa watoto wawili, mkazi wa mtaa wa Kataki. Pindo hilo, ambalo wapiga picha wengine wangelikata, ndilo lililomrudishia kazi yake siku ilipokuwa karibu kumponyoka.

Kalenda ya bandarini

Laurette ni binti wa mvuvi. Kamera yake ya kwanza aliachiwa na kaka yake aliyehamia Lubumbashi, na kwa miaka kadhaa alipiga picha za kawaida: ubatizo, komunyo ya kwanza, harusi, wanafunzi wanaomaliza shule.

Wazo la kuibeba dunia lilitokea ukutani. Katika biro, yaani ofisi, ya wakala mmoja wa mizigo bandarini palikuwa na kalenda yenye mji au kisiwa kwa kila mwezi. Laurette alipokuwa akingoja kulipwa picha za kitambulisho, aliitazama kalenda hiyo mpaka wakala akamwambia kwamba mwaka ukiisha aje aichukue.

"Nilikuwa wa kwanza mulangoni mwezi wa Januari," anakumbuka. "Akasema, 'Mama, hata Mwaka Mpya hujanitakia.' Nikamwambia nipe kwanza kalenda, heri itafuata."

Aliipeleka kwa Casimir, mzee ambaye kwao ni Kirungu, mji ulio kwenye milima ya Marungu, na ambaye huandika na kuchora vibao vya maduka mjini. Alimwomba amchoree kurasa tatu tu kwenye vitambaa, kila kimoja kikubwa kiasi cha mtu kusimama mbele yake: Paris, New York, na kisiwa kimoja cha mwezi wa Agosti.

Casimir hajawahi kuiona miji hiyo wala kisiwa hicho. Penye maji, alichora maji anayoyajua, yaani ziwa lenye mawimbi mafupi ya alasiri. Penye ziwa aliona ni haki pawe na wavuvi. Ndiyo maana chini ya mnara wa Paris kuna mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, yenye taa za kuvulia ndagala, na nyuma ya maghorofa ya New York inapanda milima ya Marungu, yenye njia nyembamba za miguu.

"Papa Casimir, milima hii umeitoa wapi?" Laurette alimwuliza siku ya kuvipokea.

"Kwetu."

"Lakini kule New York hakuna milima."

"Umefika?"

"Hapana."

"Basi tuiache. Mulima haumusumbui muntu."

Mkoba nao una historia yake. Laurette aliununua sokoni penye nguo na vitu vilivyokwisha kutumika ng'ambo. Kwenye mikanda yake vilikuwa bado vimefungwa vipande vya karatasi ngumu, alama za viwanja vya ndege ambavyo majina yake hakuna aliyeweza kuyasoma yote. Hajavikata mpaka leo.

"Mufuko huu umetembea kuliko mimi," anasema huku akivigusa kimoja kimoja. "Kila nikiubeba, naona haya kidogo."

Kazi ilikubalika upesi. Picha moja iliyochapishwa iliuzwa, na huuzwa mpaka leo, kwa faranga elfu tatu. Siku njema ya soko watu kumi na watano husafiri. Mvua ikinyesha, hasafiri mtu. Hata hivyo, riziki kubwa ya nyumba ilitoka, kama zamani, katika ubatizo na harusi.

Siku hizo Laurette alijivunia ustadi mmoja: kuficha kitambaa. Alisogea karibu, akakata pindo, akakata makasia, akakata miguu. Aliyeiona picha asingeweza kujua kwamba mtu yule yuko hatua chache tu kutoka soko la samaki.

Mbuzi aliyeshuka kwenye gari la moshi

Camille ni kijana anayebeba abiria kwa pikipiki. Miaka miwili iliyopita alikuwa amemposa Ketsia, binti aliyelelewa na mjomba wake, Papa Bonaventure, huko Kabalo, mji ulio kwenye mto Lualaba ambako reli zinakutana. Mazungumzo ya mahari yalikuwa yameanza vyema. Familia ya Camille ilikuwa imekwisha kupeleka vitenge na mbuzi, na mbuzi huyo alikuwa amepokewa, jambo ambalo kwa wazee wale lina maana kwamba mlango umefunguliwa.

Jumapili moja Camille alipita ufukoni, akavaa koti la kuazima, akabeba mkoba, akasimama mbele ya New York. Picha ilimpendeza mno. Aliiweka kwenye simu yake pale ambapo kila anayemtafuta huiona, akaandika chini yake: "Mungu ni mwema." Kesho yake alichukua abiria kwenda mbali, barabara ikaharibika kwa mvua, simu ikazimika, na kwa siku kadhaa hakupatikana.

Kabalo walitazama picha. Walipiga simu, haikuita. Wakasoma tena, "Mungu ni mwema," nao wakaelewa kila kitu, yaani hawakuelewa chochote.

Camille mwenyewe ndiye anayeeleza kilichofuata, akiwa ameketi juu ya pikipiki yake na kutikisa kichwa. Baada ya kurudi mjini alikwenda kwenye stesheni, ambayo watu wa hapa huiita gare, kutafuta abiria. Treni ya mizigo ilikuwa imefika kutoka Kabalo. Akaona mtu anashuka na mbuzi mwenye sikio moja jeupe.

"Nikasema moyoni, mbuzi huyu namujua," anasimulia. "Nikamuuliza yule papa, 'Papa, mbuzi anaenda kwa nani?' Akasema, 'Kwa wazazi wa kijana mumoja, Camille. Alikimbilia Amerika, akaacha mutoto wa watu.' Nikamwambia, 'Papa, Camille njo mimi!' Akaniangalia kutoka juu mpaka chini. Akasema, 'Mimi nilitumwa kuleta mbuzi. Sikutumwa kukuona.'"

Mbuzi alikabidhiwa kwa wazazi pamoja na vitenge, vyote vikiwa vimekunjwa kama vilivyokuja. Mlango ulikuwa umefungwa.

Ilidhaniwa kwamba, Camille akijulikana yuko Kalemie, jambo lingekwisha. Halikwisha, liliongezeka uzito. Mtu aliyekwenda Amerika bila kuaga ni mkosefu wa adabu, lakini mtu aliyejifanya amekwenda Amerika ni mwongo, na Papa Bonaventure alisema kwenye simu kwamba hatampa mwongo mtoto wa dada yake. Ketsia, aliyekuwa Kabalo akingoja siku yake, hakuulizwa.

Lawama haikukawia kupata njia ya kwenda Kataki. Wanawake wanaoandaa sherehe za ubatizo na harusi katika mtaa huo, wakiongozwa na Mama Micheline, walimwita Laurette na kumwambia kwamba watatafuta mpiga picha mwingine.

"Nilimwambia wazi," anasema Mama Micheline, ambaye haoni haya kuyarudia maneno yake. "Picha inayovunja uchumba, itabatiza mutoto namna gani? Kesho utaniweka mimi Poto, kule Ulaya, mume wangu anifungie mulango!"

Kwa Laurette, maneno hayo yalikuwa na maana moja: nyumba yake ingebaki na ufuko peke yake, na ufuko nao ulikuwa umeanza kukimbiwa. Watu walipita mbali na kitambaa. Watoto waliimba kwamba amewapeleka watu Amerika na kurudisha mbuzi. Alipata mtu wa kuinunua kamera.

"Nilikuwa nimekwisha kuipangusa ili niiuze," anasema. "Halafu nikajiuliza: kama nikiiuza leo, watasema kweli nilikuwa mwongo. Afadhali niende Kabalo, wanitukane nikiwa nawaangalia."

Safari ya kwanza

Hivyo ndivyo mwanamke aliyewasafirisha mamia ya watu alivyofunga safari yake ya kwanza kwa mkoba wake. Alikunja New York, akaongeza kamera, mashine ya kuchapia, sufuria ndogo na blanketi. Camille alitaka kufuatana naye, akakatazwa. Badala yake Laurette aliomba apewe mbuzi.

Walisafiri juu ya behewa la mizigo, kati ya magunia ya chumvi. Mbuzi alikula kamba ya mkoba na nusu ya alama moja ya uwanja wa ndege. Abiria waliuliza kama mama huyu anakwenda kuuza au kuoa.

Papa Bonaventure alimpokea uani kwake kwa adabu na bila tabasamu. Alimpa kiti, akampa maji, kisha akamwuliza kwa nini amemrudisha mnyama ambaye wao wamekwisha kumuaga.

Laurette hakujitetea. Aliomba kamba, akatundika New York kati ya jiko na kibanda cha kuku, akamwomba mzee asimame mbele yake.

"Mimi?" mzee alishangaa.

"Wewe, Papa. Nimekuja kukupeleka mahali Camille alipokwenda."

Majirani walikuwa wamejaa. Mzee alivaa kofia yake, akasimama wima. Laurette akapiga picha mbili. Ya kwanza aliipiga kama alivyozoea, amesogea karibu, pindo limekatwa. Ya pili aliipiga amerudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ua. Kisha akazichapa zote mbili na kumpa.

Katika ya kwanza, Papa Bonaventure alikuwa Amerika. Katika ya pili alikuwa nyumbani kwake, kandambili miguuni, kuku wawili wakipita, na mbuzi mwenye sikio jeupe akichungulia kutoka nyuma ya kitambaa, kana kwamba ametokea katikati ya maghorofa.

Mzee alizitazama kwa zamu kwa muda mrefu. Kisha akacheka mpaka akaketi.

"Mbuzi ameingia Amerika mbele yangu!" alisema. "Na bila mutu kumurudisha!"

Akamwita Ketsia aje aone. Ketsia akasema, mbele ya watu wote, kwamba tangu mwanzo aliona milima ya Marungu nyuma ya bega la Camille, lakini hakuna aliyetaka kumsikiliza.

Mbuzi alifungwa tena mahali pake. Mlango ulikuwa umefunguliwa. Lakini kabla ya kumruhusu mgeni kula, mzee alimwuliza swali ambalo Laurette anasema hulisikia mpaka leo kila anapofunga mkoba.

"Binti yangu, wewe mwenyewe umefika huko unakopeleka watu?"

"Hapana, Papa."

"Kumbe unauza safari usiyoifanya. Basi anza kusafiri."

Kanuni mbili

Laurette alirudi Kalemie na kanuni mbili, nazo hazivunji. Kanuni ya kwanza ni kwamba pindo halikatwi: kila picha lazima ionyeshe mwisho wa kitambaa na miguu ya anayepigwa. Kanuni ya pili ni kwamba hakitachorwa kitambaa kipya cha mahali ambapo miguu yake haijafika.

Alianza pale pale Kabalo. Kabla ya kuondoka alipiga picha ukingo wa Lualaba asubuhi, mizigo ikishushwa kwenye majahazi ya chuma, na Casimir akaichora kwenye kitambaa. Baadaye alipanda kwenda Kirungu kwa miguu kutoka Moba, akalala kwa ndugu za Casimir, akarudi na ukungu wa Marungu na njia zake za kilimani. Kwa boti za wafanyabiashara amefika Bujumbura, kisha Kigoma, kila mara na mkoba ule ule, akilala kwenye nyumba za watu aliowahi kuwapiga picha.

Wengi walidhani kwamba hakuna atakayelipa ili asimame mbele ya Kabalo. Walikosea. Wapo watu wa Kalemie ambao wazazi wao walizaliwa kule na wao hawajapaona. Huja wamevaa nguo za sherehe.

Picha zenye pindo nazo zimependwa kuliko zile za zamani. Mtu hucheka anapojiona yuko Paris na beseni lake, na anayepelekewa hucheka pia, wala kucheka huko hakumgharimu mtu yeyote kitu.

Camille na Ketsia walifunga ndoa mwaka uliopita. Laurette ndiye aliyepiga picha. Mama Micheline alikuwepo, na siku hiyo hiyo, mbele ya chungu cha wali, alimrudishia ubatizo na harusi zote za mtaa.

"Nilimuangalia anavyorudi nyuma, anarudi nyuma, mpaka karibu aanguke kwenye sufuria," anasema Mama Micheline. "Nikajua sasa huyu hafichi kitu."

Kisiwa cha Agosti

Kimebaki kitu kimoja ambacho hakijamtoka moyoni. Kisiwa kile anachokipenda Mama Générose, chenye minazi na mchanga mweupe, hakina jina. Ukurasa wa Agosti ulikuwa umeraruka chini, na Casimir alikichora bila kujua ni cha wapi.

Jumatatu, Laurette anapanda boti ya kwenda Kigoma. Safari hii haitaishia hapo. Ana paspoti mpya, aliyoipata baada ya kungoja kwa muda mrefu. Atapanda treni ya kwenda Mwanza, na kutoka huko atavuka kwa feri hadi Ukerewe, ndani ya Ziwa Viktoria. Kitakuwa kisiwa cha kwanza ambacho miguu yake inakikanyaga. Watoto watabaki na baba yao, anayefanya kazi ya kupakia mizigo bandarini na ambaye, kwa maneno ya mkewe, "amekubali, lakini ameomba aletewe picha yenye miguu."

"Najua Ukerewe si kile cha kalenda," anasema. "Lakini muntu anaanza kwa kimoja. Baadaye nitaenda kingine, na kingine, hata kama ni baharini, mpaka siku nitakayosimama mahali nikasema: njo hapa, Agosti."

"Ukikikuta," anadakia Mama Générose, ambaye bado hajaenda kuuza samaki wake, "uwaulize kama nilikaa vizuri kule!"

Ndani ya mkoba, juu ya nguo, kuna kitambaa ambacho watu wa ufukoni hawajakiona kimetundikwa. Ni Kalemie: bandari, mto Lukuga unapotoka ziwani, mitumbwi yenye taa, na milima kwa mbali. Casimir hakuhitaji kalenda. Kwa mara ya kwanza, maji yake na milima yake viko mahali pake.

Laurette atakitundika Kigoma, atakitundika Mwanza, atakitundika kisiwani. Wako watu wa Kalemie walioondoka miaka ya vita, wakakaa ng'ambo ya ziwa, nao anataka wasimame kwao kwa muda wa picha moja. Wenyeji nao wanakaribishwa.

"Sisi tumekwenda kwa dunia miaka yote," anasema. "Sasa dunia ije kidogo kwetu. Lakini pindo litaonekana. Sitaki mbuzi warudishwe tena."

Casimir amekuja kumuaga, mikono ina rangi. Ameshika kibao kidogo cha mti, ukubwa wa kiganja, kilichoandikwa kwa herufi nzuri kama za duka: KALEMIE. Anainama, anakifunga kwenye mkanda wa mkoba, kati ya alama za viwanja vya ndege na ile iliyoliwa nusu na mbuzi.

"Papa Casimir, hiyo ya nini? Mimi najua ninakotoka."

"Wewe unajua," mzee anamjibu, akikaza fundo. "Mufuko njo haujui. Nao ni wa kwetu sasa. Lazima ujue pa kurudi."